Kuzabuni katika briji: kujumlisha mikono miwili huku ukiona mmoja

Anayeanza kujifunza briji, mchezo wa karata wa watu wanne katika jozi mbili, kwa kawaida hupewa jedwali: ukiwa na pointi kadhaa sema hivi, ukiwa na pointi kadhaa sema vile. Analikariri. Siku ya kwanza mezani, mwenzake anatamka kitu ambacho jedwali halikukitaja, na yote aliyoyakariri yanayeyuka. Nimewafundisha watu kadhaa mchezo huu, na karibu wote walikwama hapo. Walijua la kusema ila hawakujua kwa nini linasemwa.

Ndiyo maana mwongozo huu unazunguka hesabu moja tu. Wewe unaona karata 13, mwenzako aliyekaa mkabala nawe anaona 13 nyingine. Mnada ni njia yenu ya kuzijumlisha hizo 26 bila kuonyeshana. Kila unapofika zamu yako, jiulize maswali mawili: tuna aina gani kwa pamoja, na nguvu yetu kwa pamoja inafika wapi? Ukiyashika hayo, hata jedwali ukilisahau utaweza kulitunga upya kichwani.

Ngazi za mnada

Majina ya aina nne tunayo tayari: shupaza, kopa, uru na pau. Tuliyapata kutoka kwa Wareno, wanaosema espadas, copas, ouros na paus. Katika mnada wa briji aina hizi zina vyeo. Ya chini kabisa ni pau, kisha uru, kisha kopa, kisha shupaza, na juu ya zote ni «bila turufu», yaani kucheza pasipo aina yoyote kuwa turufu. Rudia kwa sauti mpaka ulimi uzoee: pau, uru, kopa, shupaza, bila turufu.

Pigo moja ni karata nne, moja kutoka kwa kila mchezaji, na aliyetupa kubwa ya aina iliyoanzishwa, au turufu kubwa, huzila. Mapigo ni 13. Unapozabuni, namba unayotaja huongezwa 6. «1 kopa» ni ahadi ya kula mapigo 7 kopa ikiwa turufu, na «4 shupaza» ni mapigo 10. Kila zabuni lazima iipite iliyotangulia, ama kwa namba, ama kwa cheo cha aina kama namba ni ileile. Zabuni zote zinazowezekana ni 35, kuanzia 1 pau hadi 7 bila turufu. Usiyetaka kupanda unasema «pasi». Baada ya zabuni, pasi tatu mfululizo hufunga mnada, na zabuni ya mwisho ndiyo mkataba.

Na kwa nini upande wakati ungeweza kutulia chini ukala mapigo mengi hivyo hivyo? Jibu ni alama. Katika briji ya mnada iliyotangulia, mapigo yalihesabika kuelekea gemu, ile ngazi yenye zawadi kubwa, hata kama hukuyaahidi. Mmarekani Harold Vanderbilt alipopanga alama mpya mwaka 1925, alifuata kanuni kwamba kinachokuhesabia gemu ni kile ulichoahidi tu, na mchezo wa leo umesimama juu ya kanuni hiyo. Tazama: mmecheza shupaza mkala mapigo 10. Kama mkataba ulikuwa 2 shupaza mnapata alama 170. Kama ulikuwa 4 shupaza, kwa karata zilezile, mnapata 420, au 620 mkiwa «hatarini», hali ambayo zawadi na adhabu huwa kubwa zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya mnada uwe na maana.

Gemu ni mkataba wenye thamani ya alama 100 au zaidi. Kila pigo la pau au uru lina alama 20, la kopa au shupaza 30, na bila turufu pigo la kwanza ni 40 na yanayofuata ni 30. Ndiyo maana gemu ya bila turufu inafikiwa kwenye 3, ya kopa na shupaza kwenye 4, na ya pau na uru ni lazima mfike 5. Mapigo 11 ni mengi sana. Mwenye pau ndefu na mkono mzuri atafute kwanza kama 3 bila turufu inawezekana.

Hatua ya kwanza: pima mkono wako

Ree (A) ina pointi 4, mfalme (K) 3, malkia (Q) 2, ghulamu (J) 1. Hesabu hii ilitangazwa na Milton Work, na Charles Goren akaieneza kwa watu wengi kuanzia miaka ya 1940. Pakiti nzima ina pointi 40, hivyo wastani wa mchezaji mmoja ni 10 na wa jozi ni 20.

Kisha tazama umbo. Mkono tambarare ni ule usiokosa aina yoyote, usio na aina yenye karata moja pekee, na wenye aina yenye karata mbili isiyozidi moja. Kwa mfano 4-3-3-3, 4-4-3-2 au 5-3-3-2. Mkono mwingine wowote una umbo, na umbo lina nguvu yake ambayo pointi hazioni.

Sasa kariri namba tatu hizi, na ni hizi tu nitakazokuomba ukariri. Kwa pointi kama 25 za pamoja, jaribuni gemu ya bila turufu, kopa au shupaza. Kwa 33, jaribuni slamu ndogo, yaani mapigo 12. Kwa 37, slamu kuu, mapigo yote 13. Hizi mbili za mwisho zina sababu nzuri. Mkiwa na 33, wapinzani wana 7, na ree mbili ni pointi 8, kwa hiyo hawawezi kuwa nazo mbili. Mkiwa na 37, wao wana 3 tu, hawana hata ree moja.

Namba ya nne si ya pointi: karata 8 za aina moja mikononi mwenu wawili. Hapo tunasema mmekutana. Wapinzani wamebaki na 5 za turufu, na mara nyingi, takriban asilimia 68, zinagawanyika 3 na 2. Mkikutana kwenye kopa au shupaza, ndiyo turufu yenu. Msipokutana, fikirieni bila turufu.

Hatua ya pili: kufungua

Kufungua ni kutoa zabuni ya kwanza ya mnada. Unafungua ukiwa na pointi 12 au zaidi. Ukiwa na 11 na umbo zuri, jumlisha pointi zako na idadi ya karata za aina zako mbili ndefu kuliko zote. Ikifika 20, fungua. Mkono wa 11 wenye aina ya karata 5 na nyingine ya 4 unafika. Mkono wa 11 wenye umbo la 4-3-3-3 unaishia 18, usiuonee huruma.

Jiulize kwanza: ni tambarare wenye 15 hadi 17? Kama ndiyo, fungua 1 bila turufu, basi. Mfano:

Shupaza K J 4, kopa A 10 7, uru K Q 8 5, pau K 6 2.

Pointi 16, tambarare. Naipenda zabuni hii kuliko zote kwa sababu kwa neno moja umemweleza mwenzako karibu kila kitu: nguvu yako ndani ya pointi tatu, na umbo lako. Kuanzia hapo yeye ndiye anayejumlisha, na wewe unasubiri kuulizwa.

Kama si hiyo, je, una shupaza au kopa 5 au zaidi? Fungua 1 ya ile ndefu. Zikilingana, fungua shupaza.

Shupaza A Q 9 6 3, kopa K 8, uru A J 5, pau 7 4 2.

Pointi 14, fungua 1 shupaza. Usipokuwa na kopa wala shupaza 5, fungua ile ndefu kati ya uru na pau. Zikiwa 4 kwa 4 anza na uru, zikiwa 3 kwa 3 anza na pau. Wanaoanza huogopa kufungua pau ya karata tatu, lakini hapo kwa kawaida mnaendelea kutafuta, hamjatangaza mnapotaka kulala.

Mikono mizito ni michache: tambarare wa 20 au 21 fungua 2 bila turufu, na wa 22 kwenda juu fungua 2 pau, zabuni ya lazima, yaani mwenzako haruhusiwi kupasi, isiyosema lolote kuhusu pau zenyewe.

Hii ni njia ya karata tano inayotumika sana Marekani. Uingereza wengi hujifunza Acol, ambamo 1 bila turufu ni pointi 12 hadi 14 na kopa au shupaza 4 zinatosha kufungua. Njia zote mbili zinafaa, ila kabla ya karata ya kwanza kugawanywa wewe na mwenzako mkubaliane moja.

Hatua ya tatu: kujibu, ambako michezo hupotea

Hapa nitakaa kidogo. Aliyefungua amesema jambo moja tu. Anayejibu ndiye wa kwanza kuweza kujumlisha, na makosa mengi niliyoyaona yanatokea kwa sababu anayejibu anatazama karata zake peke yake. Anasema «nina 13 tu», akatulia. Lakini mwenzake ana angalau 12! Kumi na mbili na 13 ni 25. Ufunguzi ukikutana na ufunguzi, gemu ipo.

Chukua mwenzako amefungua 1 shupaza, nawe una:

Shupaza K 8 5, kopa 9 4, uru K 10 6 3, pau Q 9 8 6.

Shupaza zako ni 3, zake ni 5 au zaidi. Mmekutana, swali la aina limejibika papo hapo. Limebaki la nguvu. Una pointi 8, na kwa kuwa turufu imepatikana, uchache wa kopa una faida: zikishatoka mbili utaweza kukata kwa turufu. Ongeza 1 kwa aina yenye karata mbili, 3 kwa yenye karata moja, 5 kwa unayoikosa kabisa, na punguza hizo 3 na 5 kama turufu zako ni tatu tu. Hapa unafika 9. Sema 2 shupaza, yaani pointi 6 hadi 9 na mmekutana. Ungekuwa na 10 hadi 12 ungesema 3 shupaza, mwaliko wa gemu. Ukiwa na 13 kwenda juu, usikubali mnada uishie chini ya gemu.

Aliyefungua sasa anafanya hesabu yake. Akiwa na 14, anajumlisha na 9 za juu kabisa anapata 23: pasi. Akiwa na kama 17, huenda ikafika, huenda isifike: anasema 3 shupaza, na wewe mwenye 9 unapanda hadi 4, ilhali mwenye 6 angetulia. Akiwa na 19, hata kwa 6 zako anafika 25: anasema 4 shupaza bila kukuuliza. Hakuna jedwali hapo, ni kujumlisha tu.

Msipokutana mara moja, chini ya pointi 6 unasema pasi. Kuanzia 6, taja aina yako mpya yenye karata 4 au zaidi kwenye ngazi ya 1 kama nafasi ipo. Kuitaja kwenye ngazi ya 2 kunahitaji 10 au zaidi, kwa sababu unaisukuma jozi yenu juu. Ukiwa na 6 hadi 9 bila mahali pa kukutana wala aina ya kutaja chini, sema 1 bila turufu. Neno hilo la unyonge limeokoa jozi nyingi.

Shika hili sana: aina mpya kutoka kwa anayejibu, ambaye hakuwa amesema pasi mwanzoni, ni zabuni ya lazima. Aliyefungua haruhusiwi kupasi, kwa sababu anayejibu anaweza kuwa na 6 au 16. Zabuni yenye kikomo, kama 2 shupaza au 1 bila turufu, inaweza kupasiwa. Mwenye kikomo ameeleza. Asiye na kikomo bado anauliza.

Baada ya 1 bila turufu ya 15 hadi 17, anayejibu mwenye mkono tambarare hana kazi ngumu. Kwa 0 hadi 7, pasi. Kwa 8 au 9, 2 bila turufu kama mwaliko. Kwa 10 hadi 15, 3 bila turufu. Weka mkono huu mbele ya ule wa pointi 16 hapo juu:

Shupaza Q 8 3, kopa K 6 4, uru J 9 6 2, pau A 9 5.

Pointi 10. Mwenzako ana 15 kwenda juu, jumla 25 angalau. 3 bila turufu, mnada umekwisha, na jumla ya kweli ni 26.

Ukiwa na 8 au zaidi na kopa au shupaza 4, tumia swali la Stayman: 2 pau maana yake «una kopa au shupaza 4?» Mwenzako akisema 2 uru hana, 2 kopa au 2 shupaza anayo. Mengine, kama uhamisho wa Jacoby, yaache mpaka hili liwe jepesi mdomoni.

Hatua ya nne: zabuni ya pili ya aliyefungua

Hapa aliyefungua anakamilisha picha. Mkono:

Shupaza 6, kopa A Q 10 8 4, uru A 9 5, pau K J 7 3.

Amefungua 1 kopa, mwenzake akajibu 1 shupaza. Shupaza haziwezi kuwa nyumba, basi anataja aina yake ya pili: 2 pau. Mwenzake ana:

Shupaza K Q 9 4 2, kopa 7 5, uru Q 8 3, pau 9 6 2.

Pointi 7. Wengi hapa hurudia shupaza kwa kuzipenda, ingawa mwenzake ameshatangaza karata 9 zisizo shupaza. Jibu ni 2 kopa. Hilo haliongezi nguvu yoyote. Ni kuchagua nyumba iliyo bora kati ya mbili alizopewa. Aliyefungua mwenye 14 anapasi.

Kama ulifungua pau au uru ukiwa na mkono tambarare wa 12 hadi 14, na mwenzako akajibu kopa au shupaza ambazo huna 4, sema 1 bila turufu. Ukiwa na 18 au 19, ruka hadi 2 bila turufu. Sasa unaona kwa nini 15 hadi 17 zilitengwa mwanzoni.

Hatua ya tano: wapinzani wakiwa wamefungua

Usiingie kwa sababu tu una pointi 13. Ingia kwa sababu una kitu cha kusema. Aina nzuri ya karata 5 na pointi kama 8 hadi 16 inatosha kuzabuni kwenye ngazi ya 1. Kwenye ngazi ya 2 dai aina bora na mkono imara zaidi. Ukiwa na 12 au zaidi, uchache katika aina yao na karata 3 au zaidi katika kila aina nyingine, sema «dabo». Kwa asili dabo huongeza zawadi na adhabu za mkataba wa wapinzani, lakini dabo hiyo haiwaadhibu. Inamwambia mwenzako achague aina. Yeye lazima ajibu hata akiwa na pointi sifuri, na kosa baya kuliko yote ni kupasi hapo kwa aibu ya mkono mdogo.

Kuna pia kufungua kwa kuziba njia. Mkono huu:

Shupaza 7 4, kopa 8 5 2, uru K Q J 10 8 6 3, pau 9.

Pointi 6 tu, lakini fungua 3 uru. Wapinzani wanalazimika kuanza mazungumzo wakiwa juu tayari. Mkidabiwa na kukosa mapigo matatu mkiwa si hatarini, mnatoa 500, ambazo ni pungufu ya 620 wanazopata wao walio hatarini kwa 4 shupaza. Mkiwa ninyi ndio mko hatarini, kukosa mapigo hayo matatu ni 800, na hapo ujasiri unapaswa kupungua.

Slamu, kwa ufupi

Mmekutana na jumla inakaribia 33. Kabla ya kupanda, ulizeni ree kwa 4 bila turufu, njia aliyoibuni Easley Blackwood. Majibu yanapanda kwa cheo: 5 pau ni hakuna au zote nne, 5 uru moja, 5 kopa mbili, 5 shupaza tatu. Ree mbili zikikosekana, simameni kwenye 5.

Namna ya kufanya mazoezi

Huhitaji watu wanne. Kaa na mwenzako, gawanya mikono minne, muweke miwili kando kifudifudi, na mzabuni ile miwili yenu mkiwachukulia wapinzani kama wanaopasi daima. Kila mmoja kabla ya kutamka aandike kwenye karatasi anadhani jumla yenu ni pointi ngapi, kuanzia ngapi hadi ngapi. Semeni zabuni kwa sauti moja isiyobadilika, bila kusitasita kwa makusudi wala kumkazia macho mwenzako, kwa kuwa briji inaruhusu kuwasiliana kwa zabuni yenyewe tu, na wapinzani wana haki ya kujua maana mliyokubaliana. Mnada ukiisha, lazeni karata mezani, hesabuni pointi za kweli, kisha mlinganishe na karatasi zenu. Makadirio yakikosea kwa zaidi ya pointi tatu, rudini nyuma zabuni moja moja mpaka mpate ile iliyowapotosha, na mgawe tena.